Shovel Knight: nimelimaliza mara mbili, nalipenda, lakini kuna kitu kimenikaa kooni

Mwana Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite arudi usiku akitulia.

Wiki iliyopita nimemaliza Shovel Knight kwa mara ya pili. Nilipolimaliza mara ya kwanza niliwaambia watu wangu wa karibu kwamba ndilo gemu bora la kuruka-ruka nililowahi kushika. Safari hii, yale majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda kwenye skrini nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na huzuni, na huzuni yenyewe sikujua imetoka wapi. Nimeitafuta siku nne. Nadhani nimeipata, ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwa asiyelijua: unamwongoza shujaa mdogo aliyevaa chuma cha buluu toka kichwani hadi miguuni, na silaha yake ni beleshi. Analitumia kupigia, analitumia kuchimbia vifusi vyenye vito, na akiwa hewani analielekeza chini na kudunda juu ya vichwa vya maadui. Anamtafuta mwenzake, Shield Knight, aliyepotea kwenye mnara. Njiani kuna mashujaa wanane waovu, kila mmoja na ngome yake. Limetengenezwa na Yacht Club Games, studio ndogo ya Marekani iliyoanzishwa na Sean Velasco na wenzake waliotoka WayForward, studio nyingine ya magemu. Mwaka 2013 walichangisha pesa Kickstarter, ile tovuti ya michango, wakiomba dola 75,000, watu wakawapa zaidi ya dola 311,000. Hata hizo ziliwaishia, miezi ya mwisho wakafanya kazi bila mshahara, gemu likatoka Juni 2014.

Ule mdundo wa beleshi ndio uliolizaa gemu zima. Waliocheza gemu la DuckTales la Capcom la 1989 wanamkumbuka yule bata mzee anavyodundia bakora yake, na waliocheza Zelda II wanakumbuka upanga unaoelekezwa chini. Velasco na wenzake waliuchukua mchomo mmoja huo wakauliza: je, tukijenga gemu lote juu yake? Na wamejenga. Steji ya kwanza kabisa hakuna maandishi ya kukufundisha. Unakuta ukuta wa vifusi umekuzibia njia, una kitufe kimoja cha kupigia, unachimba. Mbele kidogo vifusi viko chini ya miguu yako, unaruka ukijaribu, beleshi linageuka chini lenyewe, tayari umejua. Halafu anakuja joka mnene mwenye usingizi anayepuliza mapovu. Kumpiga usoni ni kazi, mapovu yanakuzuia. Lakini ukidunda juu ya povu, povu linakupandisha mpaka kichwani kwake, na hapo unamdundia mpaka alale moja kwa moja. Hujaambiwa neno, na umehitimu. Nimeuchezea ule mwanzo labda mara kumi kwa ajili ya kuutazama tu ulivyopangwa.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu bila huku nyuma hamtanielewa.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja muuza maandazi ambaye mwanawe mkubwa alikuwa baharia. Kijana alimletea mdogo wake TV gemu: kiboksi cheupe, pedi mbili zenye waya mfupi, bunduki ya kupigia bata, na kaseti ya njano iliyoandikwa magemu 9999 kwa moja. Ukihesabu kwa haki hayakufika ishirini, yaliyobaki ni yaleyale yamebadilishwa jina au yanaanzia steji ya katikati. Hatukujua kwamba ile ni nakala ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Kwetu sisi ilikuwa TV gemu, basi. Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha taratibu. Adapta ikipata moto tunazima tunangoja ipoe, na mama anatumia nafasi hiyo kututuma maji.

Sheria ilikuwa moja: roho zako, yaani zile nafasi chache za kufa, zikiisha, unatoa pedi. Tulikaa sakafuni kwenye mkeka kwa mstari, mgongo ukutani, mwenye zamu yuko mbele. Akifa anahamia mwisho wa mkeka, wote tunasogea. Kwa hiyo kila shimo lililokuwa kwenye ile skrini lilikuwa na watoto saba nyuma yake. Ukikaribia kuruka, chumba kinanyamaza. Ukitua, chumba kinapumua. Na wale waliokuwa wanangoja ufe ili wapate zamu ndio haohao waliokuwa wanakunong'oneza, "Ngoja... ngoja... sasa!"

Shovel Knight limenirudishia ile skrini. Rangi ni zile, sauti ni zile, hata yale maandishi ya miraba. Lakini hakuna roho. Unakufa utakavyo. Ukifa, sehemu ya dhahabu yako inageuka mifuko yenye mabawa inayoelea pale ulipoangukia, unarudi chekipointi ya karibu, yaani kituo cha kuanzia upya, unaenda kuiokota. Ukifa tena kabla hujaifikia, imepotea.

Kama utaratibu, ni wa akili sana. Unakufa kwenye miiba, unarudi na hasira, unaona mifuko yako inaelea juu ya miiba ileile, na unajua kabisa kwamba tamaa ndiyo itakayokuua mara ya pili. Halafu chekipointi zenyewe ni matufe ya kioo, na unaweza kuzivunja kwa beleshi ukapata dhahabu zaidi, ila ukifa unarudi nyuma hadi ile ambayo hukuivunja. Ugumu unaupanga wewe mwenyewe kwa mkono wako. Sijaona gemu jingine lililonipa heshima ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba dhahabu inapoteza thamani. Ukishanunua deraya na zana unazozitaka, na kwa mchezaji wa kawaida hilo linatimia kabla ya mnara wa mwisho, mifuko inaelea pale na huna haja nayo. Kifo hakikugharimu chochote zaidi ya dakika mbili. Kwenye Tower of Fate, huo mnara wa mwisho, ambako ndiko moyo ungepaswa kudunda kuliko kote, nilikuwa nakufa na kurudi na sikuhisi kitu.

Hapo ndipo nilipoishika huzuni yangu. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kiti, mlango umefungwa, nakufa mara thelathini sehemu moja, na hakuna aliyekuwa anangoja zamu. Wametengeneza upya kila kilichokuwa ndani ya televisheni. Kilichokuwa mbele ya televisheni hakimo.

Naomba maoni yenu, hasa mliocheza magemu mengine ya mtindo huu.

Pedi Mbili

Siti ya mbele. Nimesoma yote mkuu, hapo kwenye mkeka nimeona sebule yetu kabisa.

Chumvi Kolezi

Mleta uzi, nakuheshimu, ila naomba nikupinge kwa upande wangu mimi ambaye sikukaa kwenye mkeka huo.

Mimi nimezaliwa wakati TV gemu zimeshakuwa kwenye makasha chini ya kitanda. Shovel Knight sikulicheza kwa sababu ya kumbukumbu, sina kumbukumbu yoyote ya miaka hiyo. Nililicheza kwa sababu ni zuri. Na hizo roho unazozililia ndizo zilizonifukuza kwenye magemu ya kweli ya zamani nilipojaribu kuyacheza. Mega Man ya kwanza, roho zikiisha, inakurudisha mwanzo wa steji, na mimi nikitoka kazini nina saa moja na nusu ya kucheza kabla ya kulala. Ningekuwa na roho tatu nisingemwona hata Specter Knight, mmoja wa wale wanane.

Na ningekosa kitu kikubwa. Ile steji yake, Lich Yard, kuna sehemu giza linaingia na hubaki na chochote ila vivuli. Radi inapiga, kwa sekunde moja unaona ardhi iko wapi na mifupa iko wapi, giza linarudi, unaruka kwa kumbukumbu. Nilikufa pale zaidi ya mara ishirini. Kila kifo nilijifunza radi moja zaidi. Nikapita. Hiyo kwangu si huruma ya bure, ni mwalimu mvumilivu. Wewe ulikuwa na watoto saba wa kukunong'oneza "ngoja", mimi nilikuwa na chekipointi.

Pia umeruka nyongeza zake. Walipokuwa Kickstarter waliahidi wabaya watapata hadithi zao, na ahadi ile iliwafunga mpaka Desemba 2019. Plague of Shadows ilitoka 2015, Specter of Torment 2017, King of Cards ikafunga. Waliokuwa wameshanunua gemu walipewa zote bila kuongeza hata senti. Kwa hilo peke yake nawavulia kofia.

Mwana Ngamiani (mleta uzi)

Dada Chumvi Kolezi, shukrani, na hoja ya radi nimeipokea kwa mikono miwili. Nakubali kwamba bila chekipointi wengi wasingeiona nusu ya kazi ile. Mimi mwenyewe utotoni sikuwahi kumaliza gemu hata moja kwenye ile kaseti ya njano. Hata moja. Nilijua steji mbili za mwanzo kama njia ya kwenda shule, na ya tatu niliiona kwa macho ya mwenzangu mmoja tu aliyekuwa fundi.

Kuhusu nyongeza, nina yangu. Plague of Shadows inapita kwenye steji zilezile za gemu la kwanza kwa sehemu kubwa, na yule Plague Knight na mabomu yake hanikai mkononi. Kila mruko unahesabu: unalichaji bomu, unaliachia, linakurusha, unarekebisha hewani. Steji hazikuchorwa kwa ajili yake na inaonekana. Specter of Torment ni jambo jingine kabisa. Steji zimechorwa upya, yeye anakata hewani kwa mundu akivuka kutoka adui hadi adui, na ule wepesi wake sijauona kwingine. Ungeniambia leo nibaki na moja tu, ningeibakiza hiyo. Nalisema kwa uzito kwa sababu kichwa cha uzi ni Shovel Knight.

Jahazi la Kale

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu nasi tulicheza hizo TV game, ndugu yangu, Kontra mpaka vidole vikaota sugu.

Mimi ni mtu wa muziki, napiga kinanda harusini, kwa hivyo wacha niseme la upande wangu. Ngoma za gemu hili ni kazi ya Jake Kaufman, na mbili kati yake zimeandikwa na Manami Matsumae, yule mama aliyetunga muziki wa Mega Man ya kwanza mwaka 1987. Watu wengi husema "ni sauti za zamani" wakaishia hapo. Si kweli kabisa. Mashine ile ya Nintendo ilikuwa na mifereji mitano ya sauti pekee: miwili ya mawimbi ya mraba, mmoja wa pembetatu ambao ndio besi, mmoja wa kelele kwa ajili ya ngoma, na mmoja wa vipande vya sauti zilizorekodiwa. Kaufman akaongezea chipu ya Konami iitwayo VRC6, yenye mifereji mitatu zaidi. Chipu hiyo ilitumika Japani kwenye gemu la Castlevania ya tatu la mwaka 1989. Mashine zilizouzwa Marekani na Ulaya hazikuweza kuipokea sauti hiyo kutoka kwenye kaseti, kwa hivyo toleo lao likatoka na muziki uliopunguzwa.

Fikiria maana yake. Alichotunga ni muziki ambao ungeweza kusikika mwaka 1989, lakini kwa watoto wengi duniani haukusikika. Ukisikiliza wimbo wa steji ya kwanza kwa spika nzuri, sauti kuu inaimba, nyingine inaijibu chini yake, na katikati kuna ile ya msumeno inayokwaruza kama zumari. Nimeupiga kwa kinanda changu, na nahitaji mikono mitatu.

Kwa hivyo huzuni yako naielewa, lakini kwangu mimi gemu hili halikuiga utoto wetu. Limetupa utoto ambao hatukuupata.

Mwana Ngamiani (mleta uzi)

Ndugu Jahazi, umenigusa pabaya kwa uzuri. Na umenifungulia jambo nililokuwa nataka kulisema nikakosa njia.

Mnakumbuka kwenye TV gemu, wakitokea maadui wengi sambamba, wanaanza kumweka-mweka kama taa mbovu? Mashine haikuweza kuchora taswira zaidi ya nane kwenye mstari mmoja wa skrini, kwa hiyo ilikuwa inazichora kwa zamu: huyu sasa, yule baadaye, na jicho linaona kumeta. Mabosi wakubwa, wale maadui wa mwisho wa steji, nao mara nyingi walitokea kwenye chumba cheusi tupu, kama lile joka la Mega Man 2, kwa sababu bosi mwenyewe alikuwa amechorwa kama sehemu ya ukuta na hapakubaki nafasi ya kuchora kitu kingine nyuma yake. Sisi tulidhani weusi ule ni wa kutisha kwa makusudi.

Yacht Club waliviondoa vyote hivyo. Hakuna kumeta. Mabosi wakubwa wana mandhari kamili nyuma yao. Rangi wameongeza chache juu ya zile 54 za mashine ya zamani. Skrini imepanuliwa mpaka pikseli 400 kwa 240 wakati ile ya awali ilikuwa 256 kwa upana. Na hawakuficha, David D'Angelo wa studio hiyo aliandika makala ndefu mwaka 2014 akieleza kimoja baada ya kingine, wapi wametii na wapi wamevunja.

Kama fundi, nawaunga mkono asilimia mia. Kumeta kunaumiza macho. Lakini mwenzangu mmoja pale kwenye mkeka alikuwa na ujanja wake: alingoja bosi amete ndipo anaruka, akiamini kwamba bosi akiwa haonekani hawezi kukugusa. Haikuwa kweli. Tulimwamini miaka miwili. Sasa ukisafisha kila kasoro, unaondoa na zile imani zilizoota kwenye kasoro. Sisemi wamekosea. Nasema vinavyopotea havipo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Mgeni wa Jioni

Wakuu, mimi niliacha. Sikulimaliza na sina mpango wa kulirudia, naomba nieleze kwa nini.

Flying Machine, ile steji ya Propeller Knight. Uko juu ya meli inayoruka, chini ni anga tupu, na upepo unakusukuma kila unaporuka. Mabomba ya upepo yanakubeba, halafu yanakata, halafu yanakugeuza. Steji zote za nyuma zimenifundisha kwamba nikiruka vizuri natua vizuri. Pale nimeruka vizuri na nimeanguka. Halafu wanakuwekea panya wadogo wanaoelea kwa mapangaboi vichwani, na unatakiwa uwadunde mmoja baada ya mwingine juu ya pengo lisilo na sakafu. Ukimkosa mmoja, umekwenda.

Mtaniambia nitumie Phase Locket ile inayokufanya usiguswe, au kile kisu kinachokusukuma mbele hewani. Najua. Lakini gemu likinilazimisha ninunue zana ili niepuke steji, basi steji ina kasoro. Polar Knight na barafu yake nilivumilia, Treasure Knight chini ya maji nilifurahia kabisa. Pale juu, hapana.

Lakini kuna kitu nalikumbuka nacho kwa mapenzi mpaka leo. Ukimaliza baadhi ya steji, Shovel Knight anakaa kando ya moto wa kambi, analala, na anaota Shield Knight anaanguka kutoka angani, taratibu. Maadui wanakuja kukuzuia, wewe unapigana huku jicho moja liko juu. Unatakiwa umdake. Ukimdaka, unaamka, na moto upo, na hayupo. Niliifanya mara ya kwanza bila kujua maana. Mara ya pili niliona nyuma ya ule moto nafasi ya mtu mmoja iko wazi. Sikutegemea picha ya miraba-miraba initoe machozi.

Pedi Mbili

Mleta uzi, nina swali moja. Mbona kucheza wawili kumo? Kwenye Treasure Trove, lile toleo lenye gemu na nyongeza zote, la kompyuta, mimi na mke wangu tunacheza pamoja, yeye ana shujaa wake wa rangi nyingine. Zamani ilikuwa kwenye mashine ya Nintendo ya Wii U tu na ulihitaji kile kisanamu cha amiibo, lakini siku hizi ipo. Huoni kwamba hapo ndipo penye mkeka wako?

Mwana Ngamiani (mleta uzi)

Mgeni wa Jioni, nafasi iliyo wazi kando ya moto sikuwahi kuiona. Nimerudi kuiangalia baada ya kusoma post yako. Asante.

Pedi Mbili, swali lako ndilo limenifanya nichelewe kujibu, maana nilienda kulijaribu kwanza. Nina mpwa wangu wa miaka kumi na moja yuko kwangu likizo hii. Tulicheza wawili kwa wakati mmoja, jioni mbili. Ilikuwa nzuri lakini haikuwa ile. Wote tuna kazi ya kufanya, kila mmoja anamtazama mtu wake, na tukifika kwenye mashimo tunagongana. Hatukuwa tunatazamana. Kule kwetu mmoja alicheza na saba walitazama, na kutazama kulikuwa nusu ya mchezo.

Jioni ya tatu nikabadilisha. Mchezaji mmoja, pedi moja. Sheria mbili tu: ukifa unatoa pedi, na chekipointi haivunjwi bila ruhusa ya anayefuata zamu, kwa sababu yeye ndiye atakayeanzia mbali.

Wakuu, gemu limegeuka mbele ya macho yangu. Dhahabu ilirudi kuwa na thamani ghafla, maana mifuko inayoelea pale juu ya miiba sasa ameiacha mwenzako, na wewe ndiye unayetumwa kuiokota. "Mjomba, zile zangu, usiziache!" Kila tufe la kioo ni mjadala. Anasimama mbele yake, beleshi limeinuliwa, ananigeukia. Namwambia hapana. Ananiambia kuna dhahabu nyingi. Namwambia mimi ndiye nitakayerudi nyuma. Anafikiri. Anavunja. Anakufa hatua nne mbele, ananipa pedi bila kunitazama usoni, na mimi naanza steji nusu nzima upya naye akiwa ameshika bega langu, ananong'ona, "Ngoja... ngoja..."

Neno hilo sikumfundisha mimi.

Jana tulifika kwa Tinker Knight. Mnamjua, yule mfupi anayerusha spana na kukimbia huku na huku. Mpwa alimpiga haraka, akasimama, akaweka pedi mezani, mikono juu. Mimi nilijua kinachokuja na nilinyamaza. Sakafu ikaporomoka, yule mfupi akarudi juu ya mtambo mkubwa kuliko skrini. Kijana aliruka kuifuata pedi kama anadaka glasi inayoanguka. Aliikamata, akadunda mara mbili juu ya mtambo, akasagwa. Akabaki ameduwaa. Halafu akacheka mpaka akalala sakafuni, na mama yake akaja mlangoni kuuliza kuna nini, akaketi, hajaondoka mpaka tulipozima saa nne usiku. Sasa tuko watatu kwenye mstari.

Kwa hiyo malalamiko yangu ya post ya kwanza nayapunguza, siyafuti. Bado nasema dhahabu inakosa kazi mwishoni na walipaswa kuliona hilo. Bado nasema Plague of Shadows ilihitaji steji zake. Bado naona kwamba gemu lililochangiwa na watu wengi kiasi kile, kwa mapenzi ya kile tulichokuwa tunafanya pamoja, lingeweza kuweka humo ndani, hata kama chaguo dogo kwenye menyu, zamu ya kupokezana pedi. Ni kazi ndogo. Kuna watu duniani hawatajua kujiwekea sheria hizo wenyewe kwa sababu hawakukaa kwenye mkeka wowote.

Chumvi Kolezi, nimejaribu na Lich Yard kwa zamu, kwenye giza. Radi ikipiga tunapiga kelele wote watatu, kila mtu ameona kitu tofauti, dada yangu anaapa kuna ngazi kulia, mpwa anasema ni mfupa. Mwenye pedi anachagua amwamini nani. Kajaribu na mtu, halafu urudi hapa uniambie.

Nimeandika hii post kwa simu katikati ya steji ya Mole Knight. Nimesimama mbele ya lile ziwa la uji wa moto, nilidhani nimesimama mahali salama, na kumbe sikusimama.

"Mjomba, umekufa. Lete pedi."

Jahazi la Kale

Mpe.